Mafuta ya Kondoo na Sindano ya Asubuhi

Kabla miguu yangu haijajulikana Arusha, mkojo wangu ulikuwa umeshatangulia kupata sifa. Kila asubuhi, kabla ya chai, mke wangu Tabea alikaa uani na kichupa chembamba cha kioo, akamimina humo dawa ya buluu tuliyopewa hospitali ya misheni, akadondoshea matone ya mkojo wangu, kisha akakishika kwa mwanzi uliopasuliwa na kukichemsha juu ya moto. Rangi ikibaki buluu, sukari haimo. Ikigeuka kijani, imo kidogo. Njano, imezidi. Ikifika wekundu wa tofali, Tabea alinitazama kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani.

"Umekunywa nini jana, Baba Elizabeth?"

"Maji."

"Maji ya nani? Ya Wachaga?"

Alimaanisha mbege, pombe yao ya ndizi. Na majirani wapitao njia ya mfereji hawakukosa neno. Evaresta, mwanamke asiyeweza kupita mlango wa mtu kimya, alichungulia kila asubuhi na kuuliza, "Mama Eliza, mchuzi umeshaiva?" Nilicheka nao. Mtoto aliyelelewa na makofi ya watu mbalimbali, kama nilivyolelewa mimi baada ya wazazi kufa, hujifunza kucheka mapema, maana kilio hakimpi hata kiazi.

Kisukari kilinishika mwaka aliotawazwa Malkia wa Uingereza. Watu wa Arusha walipewa bendera ndogo za kupunga. Mimi nikapewa kiu. Nilikuwa nikiinama mferejini kunywa kama ndama, halafu nakimbilia migombani, halafu narudi mferejini. Pale nilipokojoa, sisimizi walifanya mkutano. Nilikula kuliko ng'ombe wa maziwa na bado nilikonda. Mapaja yangu, ambayo yalinilisha tangu ujana nikiwa tarishi wa miguu katika shamba la kahawa la mlowezi mmoja, yakawa kama vijiti vya kuegeshea maharage. Tabea aliponibeba kwenda hospitali, alisema baadaye, alibeba koti lenye mtu ndani.

Huko nikamkuta Melkizedeki, dresa wa kufunga vidonda na kudunga sindano, Mchaga wa Marangu mwenye mwandiko mzuri na mdomo mbaya. Ndiye aliyenifundisha ugonjwa wangu.

"Sukari imejaa kwenye damu yako," alisema, "lakini nyama za mwili zinalia njaa. Haziwezi kuipokea. Ndiyo maana mwili umeanza kuila misuli yako mwenyewe. Unajichoma kama kuni."

"Kwa nini haziipokei?"

"Kuna kitu kinaitwa insulini. Ni homoni, yaani tarishi kama wewe. Inatengenezwa tumboni, kwenye kongosho, inapita na damu na kuziambia nyama: fungua, chukua chakula. Tarishi wako amekufa. Tutakupa wa ng'ombe."

"Wa ng'ombe?"

"Wa ng'ombe. Usianze kula majani."

Nilifikiri kidogo. Sisi tunaokaa Sokon tunaishi kwa mifereji ya maji ya Mlima Meru. Kila shamba lina lango lake la udongo na zamu yake, na mtu akifungua maji siyo zamu yake, hata ubatizo haumwokoi siku hiyo. Nikamwambia, "Basi sukari ni maji ya mfereji. Misuli ni mashamba. Na insulini ndiye anayefungua malango."

Melkizedeki akaacha kufunga bandeji aliyoishika. "Hapo umesema. Ila wewe ni mkimbiaji, kwa hiyo sikiliza jambo la pili. Misuli ikifanya kazi ngumu inajifungulia malango yenyewe, haimsubiri tarishi. Ukiwa na insulini nyingi mwilini na mbio juu yake, malango yote yako wazi kwa pamoja. Nini kinatokea?"

"Shamba la mwisho linakauka."

"Na la mwisho kwako ni kichwa. Utatetemeka, utatoka jasho la baridi, utaongea upuuzi, halafu chini."

"Huo upuuzi," Tabea akauliza kwa upole, "nitautofautishaje na wa kila siku?"

Basi nikajifunza. Kila asubuhi Tabea alichemsha sindano ya kioo katika sufuria yake maalumu, akatoa kichupa cha insulini kwenye mtungi tuliouzika katika mchanga wenye maji kandokando ya mfereji, penye baridi ya mlima, nami nikajidunga pajani kama nilivyofundishwa. Siku ya kukimbia nilipunguza dawa na kula ndizi kwanza. Polepole mapaja yalirudi. Siku nilipopanda mpaka ukingo wa msitu na kushuka bila kusimama, nilikaa chini mbele ya nyumba nikayapigapiga yale mapaja kama mtu anayempongeza punda.

Hapo ndipo nilipotaka timu.

Mwaka ule Arusha ilikuwa ipeleke wakimbiaji sita Moshi kushindana na Wachaga mbio ndefu za barabarani. Timu ilikuwa mikononi mwa Mwalimu Manase, mwalimu wa shule na mzee wa kanisa letu, mtu wa haki mpaka anachosha. Mara kwa mara alituita kwa majaribio: tulianzia Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, tukakata njia ya ng'ombe mpaka barabara ya magharibi, tukaenda Kisongo na kurudi.

Tulianzia Sakina kwa sababu ya Mzee Koikai. Yeye alikuwa Mwarusha mwenye boma na kondoo, na katika ujana wake, kama alivyosimulia mwenyewe, alikuwa akikimbia na swala kwa ajili ya kupiga soga tu. Hakuna mtu aliyeondoka bomani kwake kwenda mbio bila kukandwa. Tulikaa kwenye gogo wote, naye akapita na kibuyu cha mafuta ya kondoo yaliyopashwa moto, akakanda mapaja ya kila mmoja kwa vidole kama mizizi mpaka yakawaka. "Mguu usiopakwa si mguu wetu," alisema. Kukataa ilikuwa sawa na kumwambia mwenzako hutaki kula naye sahani moja.

Jaribio la kwanza nilianguka kabla ya kufika Kisongo. La pili nilifika Kisongo, ila badala ya kugeuka na wengine nikaendelea mbele kuelekea Dodoma, nikimtukana Sadoki aliyekuja kunirudisha. Sadoki alikuwa mkimbiaji wetu bora, na hakuwa mtu wa kuacha kitu kama hicho kilale.

"Bwana Asali," alinisalimu kila tulipokutana, "Dodoma hawajambo?"

Watu wakawa na maelezo yao. Wengine walisema nimerogwa na Wachaga kupitia sindano. Wengine walisema moyo wangu ni mdogo, naogopa mashindano. Hili la pili liliniuma, maana lilielekea kuwa kweli: nikikimbia peke yangu mlimani, dawa ileile, ndizi zilezile, sianguki. Nikikimbia mbele ya watu, chini. Nikamuuliza Melkizedeki kama woga unaweza kumaliza sukari.

"Kinyume chake," alisema, akikuna kidevu. "Juu ya figo kuna vitezi viwili. Mtu akiogopa au akishindana, vinamwaga homoni nyingine, inayotoa akiba ya sukari ghalani na kuiingiza kwenye damu. Siku ya jaribio sukari yako ingetakiwa ipande. Sielewi. Jaribu kula zaidi."

Nikala zaidi. Nilikula ndizi, nikala loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, nikafuta kibuyu kwa kidole. Nilipokimbia mlimani siku ile miguu ilikuwa mizito kama imejaa matope, ulimi umekauka, na kichupa cha Tabea kilitoa rangi ya bati lenye kutu. Kumbe sukari nyingi mno kwenye damu haimpi mtu nguvu. Ni kama mafuriko, yanapita juu ya shamba na mizizi haijanywa. Zaidi ilinilemea, kidogo iliniangusha, na katikati sikupaona.

Mwalimu Manase aliniita shuleni. Hakupandisha sauti.

"Ephraimu, nakupenda kama mdogo wangu. Lakini siwezi kuwapeleka watu Moshi nikiwa nimebeba jeneza akiba. Ukianguka tena mara moja tu, nakufuta. Na daktari wa misheni amenituma nikwambie kwamba hata yeye atakukataza kukimbia kabisa. Si Moshi tu. Kukimbia."

Nilijibu, "Ndiyo, Mwalimu," nikatoka. Kwa mara ya kwanza tangu niugue sikupata la kuchekesha njia nzima. Nilikuwa nimepoteza wazazi, nikapoteza kazi ya tarishi nilipougua, nikakaribia kupoteza mwili wenyewe. Miguu ilikuwa imerudi. Sikuwa tayari kuizika mara ya pili.

Ilibaki wiki moja kabla ya jaribio la mwisho ilipofika Jumapili ya mavuno. Siku iliyotangulia tulikuwa tumechimba mfereji, zamu ya ujirani, na nikateguka kidogo mguu. Asubuhi nimeshadunga sindano, nimeshakunywa uji, nimevaa shati la kanisani, tazama, Mzee Koikai anaingia uani na fimbo yake, akiwa njiani kwenda kwa wakwe zake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ero, kijana, mbona unachechemea kama beberu aliyepigwa?"

Nikamweleza. Hakusubiri nimalize. Mzee yule hakutembea bila kibuyu chake, kama mchungaji asivyotembea bila Biblia. Alipasha mafuta kwenye moto wa uji, akanikalisha kwenye benchi, akapandisha suruali yangu mpaka kiunoni mbele ya mke wangu na kuku, akanikanda miguu yote miwili kwa moyo wote. Tabea alilalamika kwamba nitanuka kondoo madhabahuni. "Bwana Mungu alipokea kondoo siku zote," Koikai alijibu, akaenda zake.

Sasa, kwetu baada ya ibada ya mavuno kuna mnada. Watu wanaleta walichovuna, kinawekwa mbele, na mzee wa kanisa anakinadi. Fedha zinaingia kanisani na kila mtu anarudi nyumbani na kuku wa mwenzake. Mnadishaji alikuwa Mwalimu Manase. Mimi nilikuwa nimeleta mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote, na nilikuwa nimeuonyesha kwa kila aliyekuwa na macho.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Nakumbuka tu kwamba mahubiri yalikuwa marefu, shati limenilowa mgongoni na hapakuwa na joto, na midomo yangu imekufa ganzi. Inasemekana mkungu wangu ulipoinuliwa nilisimama nikasema, "Mkungu mzuri sana huo! Wa nani?" Watu wakacheka. Nikataja bei. Sadoki, kwa utani, akapandisha. Nikapandisha. Sadoki akakaa kimya, nami nikapandisha tena.

"Ephraimu," Mwalimu Manase akasema, "hakuna anayeshindana nawe."

"Yupo!" nikafoka. "Yule mwenye shati jeupe anadhani ataninyang'anya!" Nikanyoosha kidole kwenye kioo cha dirisha. Aliyekuwa kule na shati jeupe alikuwa mimi.

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Tabea pekee hakucheka. Alivuka mabenchi, akakamata chungu cha asali kilichokuwa kinasubiri kunadiwa, akavunja kifuniko cha nta na kunijaza asali mdomoni kwa kiganja kizima, asali ya Bwana, mbele ya mchungaji. Nilipopata akili nilikuwa nimekaa sakafuni chini ya mimbari, asali mpaka masikioni, nimekumbatia mkungu.

Mwalimu Manase aliinama juu yangu. Macho yake yalikuwa na huzuni ya kweli.

"Hiyo ndiyo mara ya mwisho, ndugu yangu."

"Sikukimbia, Mwalimu," nikasema. Ulimi ulikuwa bado mzito. "Ulimaanisha nikianguka mbioni. Nilikuwa nimekaa. Nilikuwa namsikiliza mchungaji."

"Ndiyo vibaya zaidi! Sasa unaanguka hata ukiwa umekaa!"

Lakini Tabea alikuwa amekwama kwenye neno lile, nikaona jinsi alivyokunja uso. "Umekaa," akarudia. "Mwalimu, hajakimbia. Amekula uji. Dawa ni ile ya kila siku. Kwa nini leo?"

"Pengine mahubiri," Sadoki akasema.

"Nyamaza wewe. Baba Elizabeth, leo kimeongezeka nini?"

Nikafikiri. Nilijinusa. Chini ya asali kulikuwa na harufu nyingine.

"Kondoo," nikasema.

Tulitazamana. Mlimani, ninapokimbia peke yangu na sianguki, hakuna wa kunikanda. Sakina, ambako naanguka, nakandwa kila mara.

"Mwalimu," nikasema, nikijaribu kusimama na ule mkungu, "nipe mpaka siku ya jaribio. Nikianguka tena, hata kitandani, nifute mwenyewe kwa mkono wako."

Alinishika kiwiko nisianguke. "Mpaka siku ya jaribio," akasema. "Na hiyo asali utailipia."

Kesho yake tulikuwa kwa Melkizedeki kabla hajavua koti la mvua. Tulipomweleza, aliketi juu ya sanduku la bandeji.

"Mnakanda pale pale mlipodunga?"

"Tunakanda mguu. Mguu ndipo paja lilipo."

"Wagonjwa wote nawaambia wasisugue sehemu ya sindano. Wote! Lakini nilikuwa nawaza mtu anajisugua kidole mara mbili kwa sababu inawasha. Sikuwahi kuwaza mzee wa Kiarusha na kibuyu cha mafuta ya moto." Akatikisa kichwa. "Dawa ukiidunga inakaa chini ya ngozi na kuingia kwenye damu kidogokidogo, asubuhi nzima. Ukiipasha moto na kuikanda, damu inakuja mbio mahali pale, inaizoa yote kwa mkupuo. Halafu unaanza kukimbia kwa paja hilohilo. Insulini imefungua malango yote kwa pamoja, misuli nayo inafungua ya kwake. Ajabu si kwamba ulianguka. Ajabu ni kwamba ulifika Kisongo."

"Basi tuhakikishe," Tabea alisema.

Tukahakikisha. Siku iliyofuata nilijidunga pajani, nikakunywa uji, Tabea akanikanda hapohapo hospitalini kwa mafuta ya moto, akitumia nguvu ambazo sikujua anazo na ambazo nadhani zilikuwa na madai ya zamani. Melkizedeki alikaa mbele yangu ameshika kipande cha sukari guru kama mtu anayemvizia mbuzi. Sikukimbia, sikuinuka. Na kutetemeka kukaja, na jasho, na nikaanza kumwambia kwamba mwandiko wake ni wa kujivuna.

"Mpe haraka," Tabea akasema.

"Subiri, anasema kweli," Melkizedeki akajibu, akanipa.

Siku ya pili nikajidunga kwenye ngozi ya tumbo, chini ya kitovu. Uji uleule, kukandwa kulekule kwa miguu. Tulikaa. Tukapiga soga. Melkizedeki akala ile sukari guru mwenyewe kwa kuchoka kusubiri. Hakuna kilichotokea, na sijawahi kufurahia kutotokewa na kitu kama siku ile.

"Unajua," akasema tulipoaga, "mimi ni Mchaga. Nikikusaidia ukawashinda ndugu zangu Moshi, nitarudi vipi Marangu Krismasi?"

"Utapita njia ya msituni, Mangi," nikamtania kwa cheo cha machifu wao.

Kilichobaki kilikuwa kumkabili Mzee Koikai, na hilo niliogopa kuliko sindano. Siku ya jaribio nilifika Sakina mapema, nimejidunga tumboni, dawa pungufu, ndizi zimo, kipande cha sukari guru nimekifunga kwenye kitambaa kiunoni. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Nilitafuta maneno laini, maana nilikuwa namwambia mzee kwamba mikono yake ndiyo iliyokuwa inaniangusha.

Alisikiliza akikoroga mafuta yake. Kisha akainua vile vidole kama mizizi, akavitazama mbele na nyuma.

"Kwa hiyo dawa ya Wazungu," akasema taratibu, "inatambaa kama kobe."

"Ndiyo, Mzee."

"Mpaka Koikai aiguse."

"Ndiyo, Mzee."

"Ndipo inakimbia."

"Inakimbia mno, Mzee. Ndiyo shida."

Alipasua kicheko kilichowashtua kondoo. Kabla wenzangu hawajafika wote, kila aliyeingia bomani alikuwa ameshaambiwa kwamba hospitali nzima ilikaa siku mbili ikichunguza nguvu za mikono ya Koikai. Alinikanda kuliko siku zote. Alipofika juu ya paja alisimama, akaniuliza kwa heshima kubwa, kama daktari, "Hapa hakuna kitu?" Nikasema hakuna. Akaendelea.

Mwalimu Manase alipiga filimbi, akapanda baiskeli yake kutufuata.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Njia ya ng'ombe ilikuwa na umande, mlima nyuma yetu umevaa wingu, miguu inaitikia. Tulipoingia barabara ya magharibi nilikuwa wa tatu, kisigino cha Sadoki mbele yangu karibu nikikanyage. Vumbi, joto, mbigili. Wachungaji wa ng'ombe walituona, wakauliza tumeiba nini.

Tulipogeuka Kisongo nilianza kumchukia Sadoki.

Haikuwa chuki ya kawaida. Nilichukia shingo yake. Nilichukia jinsi kiwiko chake cha kushoto kilivyopungia hewa. Nilijiambia: nampita sasa, nampiga kikumbo, namtupa mtaroni. Na katikati ya hasira ile nikasikia kitu kidogo kikisema: Ephraimu, shati jeupe dirishani. Nikagusa midomo kwa ulimi. Ganzi ilikuwa imeanza, pembeni tu. Jasho lilikuwa jasho, kila mtu alikuwa nalo. Lakini hasira ile haikuwa yangu. Dawa nilikuwa nimeipunguza, tena imekaa tumboni mahali pake, ila njia ilikuwa ndefu na mashamba yalikuwa yamekunywa mengi.

Nilijua la kufanya, na nilijua kila mtu ataona. Ningeendelea kwa kiburi, labda ningefika. Labda. Nilipunguza mwendo. Nikasimama kabisa, kando ya barabara, nikafungua kitambaa. Jasho lilikuwa limeigeuza sukari guru kuwa uji wa kahawia wenye nywele za kitambaa. Nikalamba. Nikatafuna kitambaa. Mmoja akanipita, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Bwana Asali kafungua duka!" akapiga kelele mmoja.

"Dodoma ni huko nyuma!" akadakia mwingine.

Nikatembea. Hilo ndilo lililokuwa gumu, si kukimbia: kutembea polepole kama mtu anayetoka sokoni wakati migongo ya wenzako inazidi kuwa midogo. Sukari haina haraka ya mtu. Nilijaribu hesabu za watoto, majina ya vitabu vya Agano Jipya, jina kamili la mama mkwe. Yalikuja yote. Midomo ikarudi. Nikamfikiria Sadoki, nikaona ni kijana mzuri tu mwenye kiwiko kibaya. Hapo nikajua niko salama, nikaanza kukimbia.

Miguu ilikuwa imepumzika kidogo, na ya wenzangu haikupumzika. Kwenye mpando wa kurudi Sakina nilimpita wa kwanza, ameshika ubavu. Wa pili nilimpita kwenye njia ya ng'ombe. Wa tatu aligeuka akaniona, akasema, "Si ulikuwa umekufa?" nikamjibu, "Nilikuwa namalizia chai," nikapita. Wa nne sikumpata.

Nilifika wa nne, nimesimama kwa miguu yangu. Sadoki alikuwa wa kwanza, tayari amelala chali kwenye majani, nyongo ikimtoka. Mzee Koikai alinishika bega, akanitazama machoni, akaniuliza jina la mke wangu, la mtoto wangu, na la kondoo wake dume. La kondoo sikulijua. "Yuko sawa," akatangaza, "hata mzima halijui."

Mwalimu Manase alikuja na kikombe cha maji. Alikaa nami kwenye gogo mpaka pumzi yangu ikatulia, na alinitazama muda wote huo kama mtu anayesubiri sufuria ifurike. Haikufurika.

"Nilikuona Kisongo," akasema. "Ulisimama mwenyewe."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ilikuuma?"

"Kuliko kuanguka."

Akatikisa kichwa mara mbili. "Moshi utasimama tena ikibidi. Sikuulizi nafasi ya ngapi. Lori linaondoka Jumamosi alfajiri, na mkeo aje na vyombo vyake." Akainuka kwenda kuwasaidia waliokuwa wanafika wakitambaa.

Kesho yake niliamka siwezi kushuka kitandani. Mapaja yalikuwa yamekaza kama kamba mpya, na kila hatua niliita watakatifu ambao sisi Walutheri hatuna. Sadoki alipita mferejini akitembea kinyumenyume kwenye mteremko, kwa sababu mbele hakuwezekani. Tuliketi ukingoni, miguu majini, tukilalamika kwa zamu, yeye goti, mimi paja, yeye unyayo, mimi kiuno, mpaka Tabea akatoka kutuuliza nani amefiwa.

"Maumivu tu, Mama Eliza," Sadoki akasema. "Kila mtu anayo leo."

"Kila mtu," nikasema, nikayasugua mapaja yangu taratibu, nikiwa nimeridhika kabisa.